Jina la Aliyetia Chuma

Bukavu, tarehe 6 Machi 2023

Docteur Firmin,

Nakusalimu. Nimekupigia simu mara nne, na mara nne umeniambia mtandao ni mbaya, kisha ukakata. Karatasi haihitaji mtandao, kwa hiyo nakuandikia. Jeanine, binti wa kaka yangu, anakuja Nairobi kusoma udaktari. Atakuletea bahasha hii mkononi, na nimemwambia asitoke ofisini kwako kabla hujaifungua.

Siandiki kwa ubaya. Mlima ulipoporomoka juu ya nyumba za Bagira ile Jumapili ya Desemba, mimi na wewe tulisimama pamoja kwenye chumba cha upasuaji siku ishirini na moja. Wageni wa Shirika la misaada walifika siku ya tatu na mahema yao meupe, na bila wao tungezika watu wengi zaidi. Hilo nalisema mbele ya yeyote. Watu arobaini na watatu walifanyiwa upasuaji wa mifupa. Kisha wageni wakakunja mahema, wakapanda ndege, na wewe ukapanda pamoja nao.

Sasa sikiliza tulichobaki nacho.

Watu kumi na mmoja wana vyuma vya nje miguuni, vile vinavyoshika mfupa kutoka juu ya ngozi. Siku za kuvitoa zimefika, wengine zimepita. Vyuma vinafungwa na skrubu zenye pembe tano. Tano, Docteur! Nimejaribu funguo zote za hospitali, nimeazima za gereji tatu. Pikipiki ina pembe sita, baiskeli pembe sita, dunia nzima pembe sita. Ufunguo wa pembe tano ulikuwa kwenye sanduku la kijivu, na sanduku la kijivu nililiona kwa macho yangu likipakiwa garini.

Pili, mafaili. Mgonjwa hana jina la daktari wala maelezo ya upasuaji. Kuna nambari tu: P17, P31, P38. Mengine yote yaliandikwa kwenye kompyuta zao. Na ile mashine ya kupiga picha za mifupa waliyotuachia, tukiiwasha inaomba neno la siri. Hakuna anayelijua hapa.

Nitumie ufunguo, maelezo ya upasuaji na neno la siri. Watu wanangoja kwenye benchi, na kila asubuhi wananiuliza mimi.

Francine,
muuguzi mkuu, chumba cha upasuaji


Nairobi, tarehe 29 Machi 2023

Maman Francine,

Nimepokea barua yako. Jeanine alikaa kwenye kiti cha mapokezi karibu saa mbili, na kweli hakukubali kuondoka. Nilicheka, nikakukumbuka.

Kazi huku ni nyingi. Nimepewa meza kwenye idara ya mipango ya dharura, na ninafundishwa mambo mengi ambayo siku moja yatatufaa sote. Usidhani nimewasahau.

Nimeuliza kitengo cha vifaa kuhusu ufunguo. Jibu lao ni kwamba, kwa mujibu wa hati ya makabidhiano, hospitali iliachiwa kitengo kamili cha mifupa pamoja na zana zake zote. Naomba uangalie tena stoo, hasa yale makasha ya chini. Wakati wa kuondoka kulikuwa na vurugu na huenda vitu viliwekwa mahali pasipo pake.

Kuhusu neno la siri na maelezo ya wagonjwa, inatakiwa barua rasmi ya mkurugenzi wa hospitali, kwa Kiingereza, kwa sababu ya ulinzi wa siri za wagonjwa. Mchakato huchukua kati ya wiki sita na nane.

Nakuomba jambo moja kama mdogo wako: usimruhusu fundi wa mtaani aguse vile vyuma. Ni hatari, na likitokea tatizo, lawama itakuwa juu ya hospitali. Tuwe na subira kidogo.

Wasalimie wote kazini.

Dkt. Firmin,
Msaidizi wa Mipango


Bukavu, tarehe 18 Aprili 2023

Firmin,

Nimeangalia stoo. Nimeangalia makasha ya chini, ya juu na ya katikati. Nilichokuta: vigingi vya mahema, glavu kubwa zisizomtosha yeyote hapa, bango lenye picha yako na yangu tukitabasamu, na jenereta ambayo chujio lake haliuzwi mji huu. Hicho ndicho kitengo kamili cha mifupa. Nani alitia sahihi hati hiyo? Nitafutie jina lake.

Siri za wagonjwa, unasema. Mgonjwa amekaa mbele yangu, mguu wake nimeushika, na siri ya mguu wake iko Nairobi, kwa Kiingereza!

Basi nimefanya ulichonikataza. Nilichukua kipande cha sabuni, nikakibonyeza juu ya skrubu ya mgonjwa mmoja mpaka umbo likatoka safi, nikashuka nacho Nyawera kwa Papa Philémon, yule anayechomelea vyuma nyuma ya soko. Alikigeuza kile kipande cha sabuni kama mtu aliyeokota mdudu.

«Maman, hii kitu iko na kona tano.»

«Naona.»

«Nani anatengenezaka kitu ya kona tano?»

«Mutu asiyetaka wengine bafungue.»

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akatafuta vali kuukuu ya pikipiki, akasema hakuna chuma kigumu kuliko hicho hapa sokoni, akaikaza kwenye jiliwa, akaanza kuipiga tupa. Nilikaa pale kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana. Mara tatu alipima kwenye sabuni, mara tatu akatikisa kichwa. Mara ya nne ikaingia. Hakukubali kuniachia ufunguo kabla hajaona ukifanya kazi, kwa hiyo tukapanda wote hospitalini. Tuliuchemsha kwenye mashine ya mvuke, tukavaa, na skrubu ya kwanza ikazunguka. Papa Philémon alikuwa amesimama mlangoni na barakoa usoni, akapiga makofi kama yuko kanisani.

Kumi na mmoja wote wametolewa vyuma. Tisa wanatembea. Wawili mifupa yao imeunga vibaya, kwa sababu walikaa na vyuma vilivyolegea na hatukuwa na namna ya kuvikaza. Hao wawili nani atawajibu?

Sasa kuna shida ambayo Papa Philémon hawezi kuitatua. Unamkumbuka Maman Adèle wa Nyawera, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani? Mume wake alibaki chini ya udongo. Yeye ndiye P38. Ana chuma ndani ya mfupa wa paja la kulia, si nje. Jeraha lilikuwa limefungwa vizuri mlipoondoka, lakini tangu Februari linatoa usaha. Tumeosha, tumempa dawa, usaha unarudi. Docteur Patrice, uliyemwacha peke yake na wagonjwa wote, anasema chuma lazima kitoke, ama mguu utaoza. Ili kitoke tunahitaji kivutio chake hasa, yaani zana ya kukivuta nje, na kila chuma kina kivutio chake. Hatujui ni chuma cha aina gani. Hatujui aliyekitia. Faili halina neno.

Ulikuwepo siku alipotiwa chuma. Ilikuwa siku yenu ya mwisho. Mimi nilikuwa nimetumwa hemani kufunga vidonda. Niambie ni chuma gani, na utafute kivutio hata kama ni kwa kukiiba. Sisemi kwa mzaha.

Francine


Nairobi, tarehe 2 Juni 2023

Maman Francine,

Pole kwa kuchelewa. Nilikuwa kwenye mafunzo, kisha kwenye mikutano.

Nianze na habari njema. Shirika limekubali misheni ya pili Bukavu! Watakuja mwezi wa kumi kwa siku kumi, na wapasuaji wanne na hema jipya. Nimepigania jambo hili sana, na jina la hospitali yetu limetajwa mbele ya wakubwa.

Kuna jambo dogo. Picha ya ule ufunguo wa vali uliyoituma kwenye kikundi cha wauguzi imefika huku. Watu hawakufurahi. Inaonekana kama tuliwaacha bila chochote. Naomba uifute.

Vilevile wageni wangependa kukutana na wagonjwa wa awamu ya kwanza kwa ajili ya picha na mazungumzo mafupi. Chagua watano au sita ambao wamepona vizuri.

Kuhusu P38, bado natafuta.

Firmin


Bukavu, tarehe 20 mwezi wa nane 2023

Kwa Docteur Firmin,

Jambo, Docteur. Mimi ni Adèle, muuzaji wa sambaza pa Nyawera. Pengine utanikumbuka, pengine hapana, batu balikuwa mingi. Barua hii nimeiandika mimi mwenyewe. Niliishia sixième primaire, darasa la sita, maandiko iko mubaya, lakini mukono iko yangu.

Balikata muguu. Ilikuwa tarehe tatu mwezi wa saba. Docteur Patrice alijaribu kutosha kile chuma, alivuta masaa mingi, kikakataa. Usaha ilikuwa imepanda mupaka kwa tumbo, na homa ilinifanya nione bwana yangu amesimama pa kitanda. Docteur Patrice alikuja kunielezea, akatosha miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mimi ndiye nilisema: kata, Docteur, niko na batoto babili. Yeye sina neno naye.

Mbele, nilikuwa nasimama pa soko kutoka asubuhi mupaka mangaribi. Sasa nauzisha nikiwa nimekaa. Mutu akikaa chini, bateja banapita juu ya kichwa yake. Banaona wale banaosimama. Sambaza yangu inabaki, inaanza kunuka, na batu banasema: ni sambaza ao ni ule muguu? Banasema wakicheka. Nami nacheka, nifanye nini?

Sikuandika ili unihurumie. Nakuandikia juu wewe ulinifanyia vizuri. Ile siku, mbele nilale na dawa, ulinishika mukono, ukaniambia kwa Mashi, luga yetu, nisiogope. Batu bote balikuwa banazungumuza luga zao juu yangu kama niko meza. Wewe peke yako ulisema na mimi. Sijasahau.

Kwa hiyo naomba unisaidie. Maman Francine anasema hakuna anayejua ni nani alitia kile chuma. Pa faili balinandika P38. Sawa, mimi ni P38. Na yeye ni nani? Yeye hana hata nambari? Nilipofika hospitali, jeraha yangu ilikuwa imejaa udongo wa Bagira, kila mutu aliiona. Muzee mumoja pa Nyangezi anayeungaka mifupa aliniambia hata yeye, na vijiti vyake, hawezi kufunga jeraha yenye udongo ndani. Ule mutu na masomo yake yote alifunga.

Ulikuwa pale. Niambie jina yake. Sitaki kumupeleka tribunal, sitaki kitu yake. Nataka kumuuliza neno moja tu: haukuona udongo?

Mungu akulinde.

Adèle


Nairobi, tarehe 11 Septemba 2023

Maman Francine,

Barua ya Maman Adèle ninayo mbele yangu siku ya kumi sasa. Nimeanza kumjibu mara nyingi, nimeshindwa. Nakuandikia wewe.

Ni mimi.

Mimi ndiye nilitia kile chuma. Wapasuaji wawili walikuwa wameshafunga mizigo, wa tatu alikuwa hemani. Kiongozi wa timu alikuja na orodha yake, akaniambia amebaki P38, na kwamba hatuwezi kuondoka tukiacha mgonjwa nusu. Vyuma vya nje vilikuwa vimekwisha. Nilijua kinachotakiwa. Hata mwanafunzi wa mwaka wa nne anakijua: jeraha lenye udongo unaliosha, unaliacha wazi, unauvuta mguu kwa uzito kitandani, unangoja. Lakini kungoja kulihitaji mtu wa kumwangalia wiki sita, na ndege ilikuwa kesho yake. Chuma cha ndani kilikuwepo. Nikaosha kadiri nilivyoweza, nikatia, nikafunga. Kwenye orodha ikawekwa alama, P38 imekamilika, watu wakapiga makofi.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimeshaahidiwa nafasi hii ya Nairobi, na sikutaka kuwa mtu wa kusema hapana siku ya mwisho.

Umeniuliza nani alitia sahihi hati ya makabidhiano. Ni mimi pia. Ilikuwa na kurasa nane, nilipewa uwanjani Kavumu tukiwa kwenye foleni ya ndege. Nilisoma ukurasa wa kwanza tu. Sahihi yangu ndiyo inayosema mna kitengo kamili cha mifupa. Kila ulipoandika, mimi nilirudi kwenye karatasi yangu mwenyewe na kukujibu nayo.

Aina ya chuma niliijua tangu barua yako ya Aprili. Kivutio chake kiko ghorofa ya chini ya jengo hili. Ningeomba, wangeniuliza kwa nini, na ningelazimika kusema. Nikanyamaza. Kwa kunyamaza kwangu alikatwa mguu.

Nakuomba umsomee Maman Adèle barua hii. Mimi sina uso wa kumwandikia.

Firmin


Bukavu, tarehe 2 Oktoba 2023

Firmin,

Sitamsomea.

Kosa lako si bahasha ya kunipa mimi niipeleke. Uliweza kumshika mkono kabla ya kumpasua, basi utaweza kumtazama. Njoo umsomee mwenyewe. Nairobi si mbinguni, ndege zinatua huku pia.

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama palepale: «kungoja kulihitaji mtu wa kumwangalia wiki sita». Kwa nini hukuniuliza? Nilikuwa hatua thelathini kutoka pale, ndani ya hema! Ungetoka nje, ukasema: Maman Francine, nina mgonjwa wa kuvutwa mguu, utamwangalia? Wiki sita! Nimemwangalia miezi saba. Nimemwosha usaha kwa mikono hii, nimemshikia ndoo akitapika, na siku ya msumeno nilikuwa nimeushika huo mguu, na ulipotengana naye ulibaki mikononi mwangu, mzito. Nyinyi mlikuwa mnatafuta mtu wa kumwangalia. Sisi si watu?

Hilo ndilo linalonichoma kuliko sahihi yako. Mliyapanga yote kana kwamba mkiondoka, hapa panabaki patupu.

Wageni wa misheni ya pili walikuja wiki iliyopita kupanga ujio wao. Docteur Patrice aliniita kwenye kikao. Walionyesha picha za hema jipya. Nikaomba neno.

«Hema lenu litakaa siku ngapi?»

«Kumi.»

«Mfupa wa paja unaunga kwa siku ngapi?»

Nikawaambia tunachotaka: mpasuaji mmoja badala ya wanne, lakini akae mwaka na afundishe. Kila chuma kinachoingia kwa mtu, zana ya kukitoa ibaki hapa kwanza. Maelezo yaandikwe kwenye daftari letu, kwa lugha tunayoisoma, na jina la aliyefanya. Kama hayo hayawezekani, hema walipeleke kwingine.

Yule kiongozi alitabasamu, akasema masharti hayo hayaingii kwenye mfumo wa dharura. Docteur Patrice, ambaye unamjua hapandishi sauti hata akichomwa sindano, aligonga meza. «Dharura yenu ilikwisha Januari,» alisema. «Yetu inaendelea. Tumekata miguu mitano tangu mlipoondoka.» Wakaenda. Hawajaandika tena.

Hata wasiporudi, hatukai tukilia. Papa Philémon ametuchomelea fremu za vitanda na roda za kuvutia miguu. Uzito ni mifuko ya mchanga wa ziwani. Wauguzi wanne nimewafundisha plasta. Yule mzee wa Nyangezi anayeunga mifupa, Papa Cyprien, tumemwita, tumekaa naye. Kuna anachokijua, na kuna ambacho alikuwa akikiharibu, na amekubali kila jeraha lililo wazi kulileta kwetu siku hiyohiyo.

Tunachokosa ni daktari wa mifupa. Tulikuwa naye mmoja.

Watu watatu bado wana chuma cha ndani kama kile cha Adèle. Mmoja ameanza homa.

Francine


Bukavu, tarehe 14 Januari 2024

Jeanine mpenzi,

Umeuliza yule daktari uliyempelekea bahasha aliishia wapi. Wewe ulikaa saa mbili kwa ajili yake, una haki ya kujua.

Alirudi Novemba. Hakupitia hospitalini, wala kwao Nyangezi. Alishuka na begi lake moja kwa moja Nyawera, mpaka kwenye beseni la Adèle. Nilisimuliwa na Papa Philémon, ambaye aliacha kazi yake kwenda kusikiliza. Firmin alijitaja, akachuchumaa ili macho yao yalingane, akatoa karatasi, akasoma. Adèle alimwacha asome mpaka mwisho mbele ya wanunuzi wote. Soko lile unavyolijua, watu wakasogea karibu.

Kisha akamuuliza: «Haukuona udongo?»

«Niliuona, Maman.»

«Uliuona.»

«Ndiyo.»

Adèle akapunga nzi juu ya sambaza zake. Halafu akamwambia: «Ondoka. Unanizibia bateja.»

Nami nikafikiri atapanda ndege nyingine. Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha upasuaji, na kivutio cha chuma ndani ya taulo. Alikwenda kukiomba ghorofa ya chini, wakamuuliza kwa nini, akawaambia. Alikuwa pia amewaandikia kwamba anafuta sahihi yake kwenye ile hati. Wakamjibu kwa mistari miwili: kivutio achukue, kazi hana tena.

Sikumkumbatia. Nilimwonyesha pa kunawia mikono.

Wale watatu amewatoa vyuma wote. Yule wa homa ilikuwa kidogo tu tumpoteze, lakini mguu wake upo.

Halafu siku tatu baada ya Noeli, lori lililobeba mizigo na watu lilipinduka kwenye barabara ya Nyangezi. Tuliletewa watu kumi na tisa kwa mara moja. Wawili walifia mikononi mwetu, na siwezi kusema tungekuwa na nini tungewaokoa. Damu haikutosha, hilo tu najua. Waliobaki tuliwaosha, tukawavuta, tukawafunga plasta. Papa Cyprien alifika amepanda nyuma ya pikipiki, amemshikilia mwanamke mwenye jeraha wazi. Hakumfunga hata kijiti kimoja. Firmin alisimama kazini siku mbili, na kila jeraha lenye udongo aliliosha, akaliacha wazi. Kwa kila moja alikuwa akiniita: «Maman Francine, huyu utamwangalia?» Namjibu: «Namwangalia.» Mara ya nne nikamwambia aache kuuliza, anichoshe kwa kazi si kwa toba.

Hakuna ndege iliyokuja. Hakuna aliyetupiga picha.

Kwa daftari la mlangoni tulihitaji mtu asiyeogopa daktari yeyote. Nikamwomba Adèle, siku tatu kwa juma, siku nyingine anauza sambaza zake. Mgonjwa hapiti kwake bila jina, na daktari hatoki bila kuandika lake.

Soma vizuri. Kama utapenda mifupa, usimwambie mtu kwamba nimekushawishi.

Shangazi wako mdogo,
Francine


Bukavu, tarehe 5 mwezi wa tatu 2024

Docteur Firmin,

Barua hii nampa chauffeur wa gari ya Nyangezi akuletee pale centre de santé, kwa kituo ya afya. Maman Francine anasema uko unafundisha bale ba-infirmiers, bauguzi ba pale, plasta mupaka mercredi, katikati ya juma. Ni vizuri. Bafundishe polepole.

Mambo ya kazi kwanza. Jeudi, kesho yake, uko na bagonjwa kumi na bane. Ule kijana wa lori, mwenye kuvutwa muguu, mufupa imeshika. Docteur Patrice ameiona kwa picha. Ile mashine sasa inafungua, kijana mumoja wa pale ISP, chuo ya balimu, ameivunja lile neno la siri. Mama wa Walungu alikimbia na plasta yake, nimetuma mutu kwao, atarudi. Na kuna karatasi moja ya juma iliyopita haukuandika jina yako. Nimeiweka pembeni. Hautaanza mugonjwa wa kwanza mbele haujaiandika.

Sasa mambo yangu. Kila nikikufungulia daftari unaniangalia kwa macho ya kuuliza. Acha. Sijakusamehe. Pengine nitaamuka siku moja nikute imekwisha, pengine hapana, na hiyo haiko kazi ya wewe kungojea. Pa asubuhi nikishuka kitanda bado natangulizaka ule muguu haiko, na naanguka, na nakasirika upya. Lakini hasira yangu inakuja na mimi kazini na inakaa kimya. Haya yako nayo uilete, ikae kimya.

Jeudi iliyopita ulichelewa dakika makumi ine. Batu balikungojea bamesimama, na bengine kati yao bako na muguu moja.

Saa moja, Docteur. Usichelewe.

Adèle